Neno Alifanyika Mwili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya watu wa darasa la kipaimara na la masomo ya Biblia ninalofundisha hapa Eastlands, Nairobi. Mengine huulizwa mlangoni baada ya ibada, mengine huja kwa WhatsApp usiku mtu akiwa amebanwa na jirani au na mtoto wake. Nimeyajibu jinsi ninavyoyajibu ana kwa ana. Biblia ninayonukuu ni ya Union Version.

Umwilisho ni nini, kwa lugha ya mtu wa kawaida?

Ni imani kwamba Mwana wa Mungu, aliyekuwako kabla ya kitu chochote kuumbwa, alitwaa ubinadamu wetu mzima, mwili na nafsi, akazaliwa na Bikira Mariamu katika nchi ya Wayahudi siku za Kaisari Augusto. Yohana 1:14 inasema: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Imani ya Nikea inakiri jambo hilohilo, kwamba alishuka kutoka mbinguni kwa ajili yetu sisi wanadamu na kwa ajili ya wokovu wetu, akatwaa mwili, akawa mwanadamu. Wakatoliki huinamisha vichwa wanapofika maneno hayo, na siku ya Krismasi hupiga magoti. Desturi hiyo naipenda sana, maana inamkumbusha hata mtoto kwamba hapo pametajwa jambo zito.

Alipofanyika mtu, aliacha kuwa Mungu?

Hapana. Swali hili hutokana na Wafilipi 2:7, panaposema alijifanya kuwa hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa. Soma sentensi yote taratibu. Paulo anaeleza alivyojishusha kwa *kutwaa* kitu, yaani hali ya mtumwa. Hasemi popote kwamba aliuvua Uungu wake akauacha mbinguni. Wakolosai 2:9 inasema ndani yake unakaa utimilifu wote wa Mungu, kwa jinsi ya kimwili.

Basi alikuwa nusu Mungu, nusu mtu?

Hapana tena. Nusu ya Mungu haipo, na nusu ya mtu haiwezi kumwokoa mtu mzima. Mwaka 451 maaskofu walikutana Kalkedoni, ng'ambo ya mlangobahari kutoka mji ambao leo ni Istanbul, wakakiri kwamba Kristo ni mmoja, Mungu kamili na mtu kamili, katika asili mbili zisizochanganyika, zisizogeuka, zisizogawanyika, zisizotengana. Angalia kwamba maneno yote manne ni ya kukanusha. Hawakudai kueleza fumbo lilivyo kwa ndani. Waliweka ua kuzunguka kile ambacho mitume walikabidhi, ili mtu asipotoke upande huu wala ule.

Kabla yao kulikuwa na mapambano marefu. Arius, kasisi wa Aleksandria kule Misri, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, cha kwanza na bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 325 ulimkatalia, na mwaka 2025 makanisa ya madhehebu mengi yaliadhimisha miaka 1,700 tangu mkutano huo. Baadaye Apollinaris wa Laodikia akasema Yesu alikuwa na mwili wa mtu, ila mahali pa akili ya kibinadamu palikaliwa na Neno mwenyewe. Gregory wa Nazianzus, askofu wa karne ya nne, alimjibu kwamba kile ambacho Kristo hakukitwaa, hakukiponya. Jibu hilo ningependa kila mhubiri wa jiji hili alishike. Kama Kristo hakutwaa akili yangu, basi akili yangu, pamoja na wasiwasi wake na kumbukumbu zake mbaya, imebaki nje ya wokovu.

Yesu alipokuwa mtoto mchanga, nani alikuwa akiushikilia ulimwengu?

Kijana wa darasa la kipaimara aliniuliza hivi, na wenzake wakacheka. Nikawaambia wanyamaze, kwa sababu Athanasius, aliyekuwa askofu wa Aleksandria katika karne ya nne, alilishughulikia swali hilihili. Alisema Neno hakufungiwa ndani ya mwili wake. Alikuwa ndani ya mwili ule kweli, na wakati uleule akivipa vitu vyote uhai na kuvitegemeza. Kwa hiyo aliyekuwa akinyonya kwa Mariamu ndiye aliyekuwa akimpa Mariamu pumzi. Akili yangu haifiki mwisho wa jambo hilo, na sitegemei ifike.

Alijua kila kitu tangu utotoni? Alijifunza kutembea?

Alijifunza kutembea, kusema, kusoma na kushika randa. Luka 2:52 inasema Yesu "akazidi kuendelea katika hekima na kimo." Mwenye kuendelea katika hekima alikuwa nyuma kidogo jana. Katika Marko 13:32 yeye mwenyewe anasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, wala malaika, wala Mwana, ila Baba.

Wapo wanaoogopa aya hizi wakadhani zinamshusha Bwana. Mimi naona hofu hiyo ndiyo hatari. Wengi wetu tunakiri umwilisho kwa midomo, lakini tukimfikiria Yesu tunaona Mungu aliyevaa ngozi ya mtu kwa muda, asiyechoka kwa kweli, asiyeumia kwa kweli, anayejua mtihani wote mapema. Hilo ni kosa la zamani sana. Walikuwako watu waliofundisha kwamba Kristo alionekana tu kuwa na mwili, na Yohana aliandika kwa ukali kwamba roho isiyokiri kuwa Yesu Kristo amekuja katika mwili haitokani na Mungu (1 Yohana 4:2-3). Biblia inatuonyesha mtu aliyelala usingizi mzito kwenye mashua kwa uchovu, aliyeona kiu kisimani Samaria, aliyelia kwenye kaburi la rafiki yake.

Kama ni Mungu, kujaribiwa kwake si maigizo tu?

Waebrania 4:15 inasema alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Watu hudhani asiyeanguka hakuonja uzito wa jaribu. Fikiria kinyume chake. Anayekubali mapema hajui jaribu lingefika wapi kama angeendelea kusimama. Kristo alisimama mpaka mwisho, na pale Gethsemane jasho lake likawa kama matone ya damu. Ukimwomba usiku unaposhindwa na pombe au kamari ya simu, humwombi mtu anayekusoma kwenye karatasi.

Kwa nini Mungu hakusamehe tu kutoka mbinguni?

Msamaha ulikuwa sehemu ya haja yetu. Sehemu nyingine ilikuwa kwamba tulikuwa tunakufa. Athanasius aliliona hili vizuri: mwanadamu alikuwa ameingiwa na uharibifu, na toba peke yake haimtoi mtu kaburini. Alitoa mfano wa picha ya mtu iliyochorwa kwenye ubao ikachafuka mpaka haitambuliki. Mwenye sura hiyo hana budi kuja kukaa tena mbele ya mchoraji, ili picha ichorwe upya juu ya ubao uleule, bila ubao kutupwa. Sisi tuliumbwa kwa mfano wa Mungu, sura ikaharibika, na Mwana, aliye sura ya Baba, akaja mwenyewe.

Waebrania 2:14 inaongeza kwamba kwa kuwa watoto wameshiriki damu na mwili, yeye naye alishiriki yayo hayo, ili kwa njia ya mauti amharibu mwenye nguvu za mauti. Mungu kwa asili yake hafi. Alitwaa kinachoweza kufa, akaingia nacho kaburini, akatoka nacho.

Jirani yangu Mwislamu ananiuliza Mungu anazaaje. Nimjibu nini?

Hili huulizwa sana na walio Eastleigh na South C, na kwa familia nyingi za Nairobi si swali la jirani pekee, ni la shemeji au la binamu. Kwanza, usimjibu kwa kelele. Pili, elewa anachokataa. Kurani inasema juu ya Mwenyezi Mungu, "Hakuzaa wala hakuzaliwa" (sura ya 112), na Mwislamu akisikia "Mwana wa Mungu" anahofia tunasema Mungu alikuwa na mke. Mwambie wazi kwamba jambo hilo hata sisi tunalikataa kwa nguvu zote. Mwana hatokani na Baba kwa mwili, wala hapakuwa na wakati ambao hakuwako.

Kisha muonyeshe mnapokaribiana. Kurani inakubali kwamba Isa alizaliwa na Maryam bila baba, na katika sura ya 4, aya ya 171, inamwita neno la Mungu alilompelekea Maryam. Aya hiyohiyo pia inakanusha Utatu, kwa hiyo usijifanye kwamba mmekubaliana. Tofauti ni kubwa. Kwake yeye, utukufu wa Mungu unamzuia kuwa mtu. Kwetu sisi, Mungu ni mkuu kiasi kwamba anaweza kujishusha asipungukiwe na chochote. Sema hivyo kwa upole, umwachie nafasi ya kusema upande wake. Nimeona mazungumzo kama haya yakiendelea kwa miaka kati ya watu wanaoazimana sufuria na kusindikizana mazishini, na urafiki haukuvunjika.

Ni sawa kumwita Mariamu Mama wa Mungu?

Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, ulisema ndiyo, kinyume cha Nestorius aliyekuwa askofu mkuu wa Konstantinopoli. Hoja ilimhusu Kristo. Aliyezaliwa na Mariamu ni mmoja, naye ni Mungu. Hakuzaa mtu wa kawaida ambaye baadaye Mungu aliungana naye. Hakuna aliyedai kwamba Uungu ulianzia tumboni mwake. Wapentekoste wengi hawalitumii jina hilo na sitawalazimisha, lakini wakiamini kwamba mtoto wa Bethlehemu ndiye Mungu, wameamini kile Efeso ilikilinda.

Wakopti na Waethiopia walio hapa Nairobi wanaamini tofauti?

Makanisa yao, ya Wakopti wa Misri na ya Ethiopia, hayakukubali maneno ya Kalkedoni kuhusu asili mbili, na utengano huo umedumu zaidi ya miaka 1,500. Lakini wanakiri Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili. Mwaka 1973 Papa Paulo wa Sita na Papa Shenouda wa Tatu wa Wakopti walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu imani hiyo. Ukikuta Wahabeshi wakisherehekea Krismasi tarehe 7 Januari, ni suala la kalenda.

Na tarehe 25 Desemba? Haimo kwenye Biblia.

Ni kweli, haimo. Kumbukumbu ya zamani ya sikukuu hiyo mjini Roma ni ya mwaka 336. Biblia haituamuru kushika siku hiyo wala haitukatazi. Anayesafiri kwenda ushago kukaa na wazazi na kumshukuru Mungu kwa kuzaliwa kwa Mwanawe hajakosa kitu.

Yesu alikuwa Mzungu?

Hapana. Alikuwa Myahudi wa Galilaya, akatahiriwa siku ya nane, akalelewa kwa Torati na Zaburi. Picha ya nywele za kahawia na macho ya buluu iliyoning'inia kwenye sebule nyingi hapa ilichorwa na watu waliomchora kwa sura yao. Alipokuwa mtoto, familia yake ilikimbilia Misri kumkwepa Herode, kwa hiyo bara hili lilimpokea akiwa mkimbizi. Ningependa wenyeji wa jiji lenye Wasomali, Wakongo, Waethiopia na watu wa Sudan Kusini wengi namna hii walikumbuke hilo wanapozungumza juu ya wageni.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema alikuwa wa kila kabila kwa hiyo hakuwa wa lolote. Mungu alitwaa mwili wa kabila moja, wenye mama mmoja na lafudhi ya kijiji kimoja. Petro alitambuliwa kwa matamshi yake ya Kigalilaya, na Bwana wake alikulia hukohuko. Kwa kuwa alikuwa mtu halisi wa mahali halisi, Mluhya na Mkamba hawahitaji kuacha kuwa walivyo ili wawe wake. Padri Charles Nyamiti, Mtanzania aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki huko Lang'ata, alimweleza Kristo kama Mhenga wetu, ndugu aliyetangulia ambaye kwake uzima unatufikia. Wapo wanaosita, wakiogopa kurudishwa kwenye matambiko. Mimi naona alitusaidia kutamka kwa fikira zetu kile ambacho Waebrania 2:11 inasema, kwamba haoni haya kutuita ndugu zake.

Tunasikia mtu fulani anasema yeye ndiye Yesu amerudi. Inawezekana?

Haiwezekani. Neno alitwaa mwili mara moja, na mwili huo ndio alioufufua na kupaa nao. Matendo 1:11 inasema atakuja jinsi iyo hiyo alivyoonekana akienda. Hatazaliwa tena kwa mama mwingine katika kaunti nyingine. Mtu akikwambia hivyo, shika mkoba wako uende nyumbani.

Si mwili ni adui wa roho? Mbona tuuheshimu?

Hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watamwona Yesu. Kulikuwa na watoto. Baadhi ya waliopotea huko walikuwa na jamaa hapa Nairobi. Sisi tunaofundisha imani lazima tujiulize watu walikuwa wamesikia nini makanisani kwa miaka, hata mafundisho kama yale yakapata pa kuota.

Paulo anaposema matendo ya mwili katika Wagalatia 5, orodha yake ina uadui, wivu, hasira, fitina na husuda. Hayo ni maovu ya moyo. Tumbo lenye njaa halimo. Anachokilaani ni maisha yaliyomgeuka Mungu, na ugali wa mtoto hauhusiki. Mwili wenyewe Mungu aliuumba, akauona mwema, kisha Mwanawe akautwaa. Yesu alifunga siku 40 na mwisho akaona njaa, na malaika wakamtumikia. Alipomfufua binti wa Yairo, agizo lake lililofuata lilikuwa apewe chakula. Mhubiri akikwambia umnyime mtoto chakula, uache dawa za kisukari au ARV ili kuthibitisha imani yako, amemkana Kristo aliyekuja katika mwili. Ondoka hapo leo, na mtoto utoke naye.

Yesu bado ana mwili sasa?

Ndiyo, na ukiniuliza ni jambo gani watu wa kanisani hawajalitafakari, nitakutajia hili. Wengi hudhani alipopaa aliuacha ubinadamu kama nguo ya kazi. Baada ya kufufuka aliwaambia wanafunzi wamshike, kwa kuwa roho haina mwili na mifupa, kisha akala samaki mbele yao (Luka 24:39-43). Stefano, kabla tu ya kupigwa mawe, alimwona Mwana wa Adamu amesimama mkono wa kuume wa Mungu. Na miaka kadhaa baada ya kupaa, barua kwa Timotheo bado inamwita mpatanishi "Mwanadamu Kristo Yesu" (1 Timotheo 2:5).

Kwa hiyo saa hii unaposoma, katika kiti cha enzi yuko mmoja wetu, mwenye mikono yenye alama za misumari, na hataacha kuwa mmoja wetu milele. Mungu hakutembelea ubinadamu akarudi zake. Hilo ndilo linalonipa ujasiri ninaposimama Lang'ata makaburini na familia, nikawaambia kwamba mwili huu tunaouzika umeahidiwa ufufuo.

Yananihusu nini haya mimi ninayetoka Mukuru alfajiri kwenda kutafuta kibarua Eneo la Viwanda?

Yanakuhusu sana. Luka anasema Yesu alikuwa na umri wa kama miaka 30 alipoanza huduma. Watu wa kwao walimjua kama seremala (Marko 6:3). Kwa hiyo aliyeziumba nyota alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akifanya kazi ya mikono katika kijiji kisicho na sifa, na Baba, kabla Yesu hajahubiri hata mara moja, akatamka kwamba amependezwa naye. Kazi yako ya mjengo au ya kufua nguo Mungu anaijua kwa mikono.

Wazazi wake walipompeleka hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili, na Walawi 12:8 inasema hiyo ni sadaka ya asiyeweza kupata mwana-kondoo. Anayekufundisha kwamba umaskini ni ishara ya kulaaniwa na Mungu hana la kusema mbele ya nyumba hiyo. Wakati huohuo, usitumie aya hizi kumwambia mtu aridhike na mshahara wa dhuluma. Mungu aliyeshika msumeno anamjua fundi anayecheleweshewa malipo, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele masikioni mwake.

Na kwa mwenye nafasi: Mathayo 25 inasema lolote ulilomtendea mdogo wa ndugu zake, ulimtendea yeye. Anza na yule unayempita kila siku kwenye daraja la kuvukia Thika Road.

Nianze kusoma wapi?

Soma Injili ya Marko yote kwa wiki moja, ukiangalia kila mahali Yesu anapomgusa mtu au anapochoka. Kisha Yohana 1:1-18, Wafilipi 2:5-11, na sura mbili za kwanza za Waebrania. Soma kwa sauti, ikiwezekana na mtu mwingine. Maswali mapya yakikujia, yaandike kwenye daftari uje nayo darasani.